Sabuni iliyoua pwani: kisa cha meli ya Torrey Canyon, 1967

Najua nimekuwa kimya muda mrefu na wengine mmeshaanza kusema kijana kazama kwenye baridi ya Uingereza. Sijazama, shifti za usiku tu ndizo zilizonibana. Leo nina siku mbili za mapumziko, mvua inanyesha kama haina mwenyewe, basi nimeona nilipe deni.

Deni lenyewe ni la mdogo wangu pale Tanga. Wiki iliyopita tuliongea kwa simu habari za Chongoleani, pale ambapo bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia ili mafuta yapakiwe melini. Nikamuuliza, je, wavuvi wanasemaje ikitokea siku mafuta yakamwagika? Akacheka. Akasema, "Kaka, wewe unaishi kwa Wazungu na hujui? Kuna dawa bwana. Wanamwaga sabuni yao, mafuta yanapotea." Nikamwambia suala hilo halijibiwi kwa simu, salio litaisha. Nitakuandikia.

Basi mdogo wangu, na wengine wote mnaosoma, kaeni vizuri. Hiki ni kisa cha hiyo sabuni.

Kama mnavyojua, ninaishi Cornwall, ile ncha ya kusini magharibi ya Uingereza inayoingia baharini kama kidole. Kazi yangu ni kuwatunza wazee. Mmoja wa wazee hao (jina lake halituhusu) aliposikia natoka mwambao, akaanza kunisimulia kwamba mwaka 1967, akiwa askari kijana, aliletwa huku na wenzake kuosha ufukwe. Akaniambia kuwa harufu ya ile dawa anaikumbuka mpaka leo kuliko hata weusi wa mafuta. Toka siku hiyo nikawa nasoma kila ninachokipata kuhusu jambo hili, na siku za mapumziko napanda basi kwenda kuona mahali penyewe.

Meli yenyewe iliitwa Torrey Canyon. Ilijengwa Marekani mwaka 1959, ikiwa na uwezo wa kubeba tani elfu sitini na kitu. Baadaye ikapelekwa Japani, ikakatwa na kurefushwa hadi ikaweza kubeba karibu tani 120,000. Wakati ule hiyo ilikuwa miongoni mwa meli kubwa kabisa za mafuta duniani. Sasa sikilizeni mchanganyiko wake: wenye meli walikuwa kampuni iliyosajiliwa Bermuda, tawi la kampuni ya mafuta ya Marekani. Bendera ya Liberia. Nahodha Mtaliano, Pastrengo Rugiati. Mafuta ya Kuwait. Na kwa safari ile ilikuwa imekodishwa na BP ya Uingereza. Mtu akikuuliza hii meli ni ya nani, utajibu nini? Shikilieni swali hilo, tutalirudia.

Tarehe 19 Februari 1967 iliondoka Mina al Ahmadi, Kuwait, ikiwa imejaa. Kwa jinsi ilivyozama chini kwa uzito haikuweza kupita mfereji wa Suez, kwa hiyo ikateremka Bahari ya Hindi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Yaani mafuta yale kabla ya kuwafikia Waingereza yalipita kwanza katika bahari yetu sisi. Safari ilikuwa ya kwenda Milford Haven, bandari ya mafuta iliyoko Wales.

Watu wa pwani mtalielewa hili haraka kuliko watu wa bara. Meli nzito namna ile haiingii Milford Haven ila maji yakiwa yamejaa sawasawa. Mwezi ulikuwa umefika nusu, bamvua limepita, maji yanaelekea kuwa mafu. Nahodha akipitwa na maji ya usiku wa tarehe 18 Machi, itambidi akae nje akisubiri karibu siku sita mpaka maji yawe makubwa tena. Siku sita za meli kama ile ni fedha nyingi. Kwa hiyo alikuwa na haraka.

Asubuhi ya tarehe 18, Jumamosi, wakagundua kuwa wako mashariki zaidi ya walivyodhani. Visiwa vya Scilly vilitakiwa viwe upande wao wa kulia, vikaonekana kushoto. Ofisa wa zamu akageuza meli ili wazunguke visiwa kwa nje, kama ilivyopangwa. Nahodha akaamka, akaitengua amri ile. Akaamua kupita njia ya mkato, kati ya visiwa na miamba inayoitwa Seven Stones. Mbele kukawa na wavuvi na nyavu zao, akashindwa kugeuka pale alipotaka. Meli ya taa iliyotia nanga karibu na miamba ikafyatua fataki za kumwonya. Alipoamuru usukani ugeuzwe, meli haikuitika! Kumbe kile kiwiko cha kuchagua kama meli iongozwe kwa mkono au ijiongoze yenyewe kilikuwa kimesogezwa mahali pasipotakiwa, usukani ukawa unazungushwa bure. Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Torrey Canyon ikapanda mwambani kwa mwendo wake wote. Karibu tani 119,000 za mafuta ghafi zilikuwa tumboni mwake, na nyingi ya tangi zake zilichanika.

Haraka ya kwanza hiyo. Bibi angekuwepo angesema neno lake lile lile, haraka haraka haina baraka. Lakini kisa hakiishii hapo, maana haraka ya pili ilileta hasara ambayo bahari ilikuja kuilipa kwa miaka mingi kuliko ile ya kwanza.

Siku ile ile manowari za Uingereza zikaanza kunyunyizia baharini kile walichokiita sabuni. Kampuni ya Kiholanzi ikajaribu kuinasua meli, ikatokea mlipuko, nahodha mmoja wa waokoaji akafariki. Tarehe 26 Machi, Jumapili ya Pasaka, meli ikavunjika katikati. Serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson ikaamua jambo ambalo hata leo ukimsimulia mtu anadhani unamtania: kuipiga mabomu! Kuanzia tarehe 28 hadi 30 ndege za kivita ziliangusha mabomu ya ratili 1,000, halafu mafuta ya ndege ya kuchochea moto, na hata napamu. Watu walisimama juu ya majabali kutazama. Robo hivi ya mabomu yalikosa shabaha, nayo meli imelala tuli haiendi popote. Moto ukiwaka, bahari inapanda na kuuzima. Mwisho meli ikazama, lakini mafuta mengi yalishatoka.

Sasa tuje ufukweni. Mafuta yalianza kufika nchi kavu ya Cornwall siku za Pasaka. Fikirieni maana yake. Huku watu wengi wanakula kwa wageni wa ufukweni, na Pasaka ndiyo inafungua msimu. Fukwe za mchanga mweupe zimegeuka lami. Kila mtu anapiga kelele: serikali ifanye kitu, tena leo! Ndipo askari zaidi ya elfu moja wakaletwa, pamoja na zimamoto na watu wa kujitolea, na mapipa kwa mapipa ya sabuni.

Naiita sabuni kwa sababu wenyewe waliiita hivyo, lakini msidhani ni kama ya kufulia. Sehemu kubwa yake ilikuwa kiyeyushi kinachotokana na mafuta ya petroli yenyewe, jamii ya mafuta ya taa, kikiwa kimechanganywa na kitu cha kuyafanya mafuta na maji yashikane. Kazi yake ni kuyavunja mafuta yawe matone madogo madogo yaliyotawanyika majini. Msemo wa kwamba "yanapotea" si kweli, mdogo wangu. Hayapotei, yanagawanyika. Jicho halioni, lakini samaki na konokono wanayapata vizuri zaidi kuliko mwanzo, pamoja na sumu ya kiyeyushi juu yake.

Katika fukwe za Cornwall walitumia karibu tani 10,000 za dawa hiyo kusafisha mafuta yanayokadiriwa kuwa tani 14,000. Yaani karibu sawa kwa sawa! Sehemu nyingine waliviringisha mapipa mazima kutoka juu ya majabali yakapasukie chini.

Pale Plymouth kuna maabara ya viumbe vya bahari, ya siku nyingi. Wataalamu wake waliacha shughuli zao wakateremka ufukweni kuangalia, na mwaka 1968 wakatoa kitabu cha matokeo. Walichokiona ni hiki. Mafuta yalipofika nchi kavu yalikuwa yameelea baharini kwa siku kadhaa. Ile sehemu yake iliyo kali na nyepesi ilishapaa hewani. Yaliyobaki yalikuwa mazito na machafu, yanatisha kuyaangalia, lakini viumbe vingi vya miambani vilivyopakwa mafuta peke yake viliendelea kuishi. Palipomwagwa sabuni, karibu kila kitu kilikufa.

Kuna konokono mmoja huku, gamba lake limesimama kama kawa dogo la kufunikia sahani, hung'ang'ania mwambani usimbandue hata kwa kisu. Kazi yake ni kula mwani mchanga unaoota juu ya mwamba. Ni kama mbuzi anayeweka uwanja safi. Penye mafuta tu, konokono hawa walionekana wakiendelea kula, mafuta na mwani pamoja. Penye sabuni walibanduka na kuanguka kwa maelfu.

Baada ya mbuzi kufa, uwanja ukawaje? Miamba ikageuka kijani kwa mwani mwembamba. Ikafuata mwani mkubwa wa kahawia, ukafunika kila kitu. Watu wakaona majani wakafurahi, wakadhani bahari imepona. Kumbe ni shamba lililokosa mwenyewe. Baadaye konokono wadogo wakaja na mawimbi, wakakuta chakula tele, wakazaliana kupita kiasi, wakaumaliza mwani wote, halafu wakafa njaa. Ikawa mara mwani mwingi, mara konokono wengi, kama mzani unaoyumba. Watafiti walifuatilia mwaka hadi mwaka, wakaona kuwa sehemu zilizomwagiwa sabuni nyingi zilihitaji miaka 10, na nyingine hadi 15, kurudi katika hali yake.

Sasa kuna mahali panaitwa Godrevy, kwenye pwani ya kaskazini. Nimefika mwenyewe. Kuna mnara wa taa juu ya kisiwa, na chini ya jabali wanalala sili, wale wanyama wa baharini wenye macho ya kuonea huruma. Mwaka 1967 waliogopa kuwadhuru sili, wakaamua pale wasimwage sabuni. Mafuta yakaachwa kwa mawimbi na jua. Matokeo? Baada ya miaka miwili mitatu miamba ya Godrevy ilikuwa imeshapona. Bahari ile ile, mafuta yale yale, meli ile ile. Tofauti ni sabuni tu.

Siku niliyokwenda nilikaa pale juu ya jabali na chai yangu ya chupa, nikawatazama wale sili, nikawaza kwamba hao ndio waliookoa ufukwe huu bila kujua.

Msinielewe vibaya, sisemi mafuta hayana madhara. Ndege wa baharini waliangamia. Makadirio yanafika 25,000. Ndege akishaguswa na mafuta manyoya hayamkingi tena na baridi, na akijisafisha kwa mdomo anayameza. Watu wa hapa waliokota ndege karibu 8,000, wakawaosha majumbani na kwenye vibanda, watoto kwa wazee. Waliopona ni wachache sana. Huruma ilikuwepo tele, maarifa ndiyo yalikuwa haba.

Wafaransa nao mafuta yaliwafikia, kule Brittany. Wao waliogopa sana chaza wao, ambao ni riziki ya watu wengi, kwa hiyo sabuni waliitumia kwa uchache. Walitandaza majani makavu yanyonye mafuta, wakachota kwa koleo na ndoo, na baharini wakamwaga unga wa chokaa uzamishe mafuta. Kisiwa cha Guernsey kiliyanyonya mafuta kikayamwaga katika shimo la zamani la kuchimba mawe. Likafanywa kama limekwisha. Lakini miaka zaidi ya 40 baadaye mafuta yalikuwa bado yamo humo, yakinasa ndege, na mwaka 2010 walikuwa wanatumia vijidudu vya kula mafuta ili kuyamaliza. Mafuta ukiyaficha hayasahau.

Turudi kwenye lile swali: meli ni ya nani, na nani analipa? Waingereza na Wafaransa walikuta sheria iko tupu. Kwa sheria ya Marekani mwenye meli angeweza kudai kwamba deni lake lisizidi thamani ya kilichobaki. Na kilichobaki ilikuwa mashua moja ya kuokolea watu, ya dola 50! Ikabidi Waingereza waivizie meli nyingine ya wenyewe hao, Lake Palourde, ilipotia nanga Singapore, wakaikamata kwa hati ya mahakama. Wafaransa walifika wamechelewa, wakaifuata hadi Rotterdam. Mwaka 1969 wakalipwa paundi milioni 3 kwa nchi zote mbili, pungufu ya gharama.

Aibu hiyo ndiyo iliyozaa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, kwamba mwenye meli ya mafuta analipa bila ya kusubiri ithibitishwe kosa ni la nani, halafu mwaka 1971 mkataba wa mfuko wa fidia. Mikataba hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1992, na Tanzania na Kenya zote zimo. Kwa hiyo mvuvi wa Tanga au Lamu, siku ya shida, ana mahali pa kudai, na chanzo cha haki hiyo ni uchafu wa Cornwall.

Je, dunia ilijifunza? Nusu nusu. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta Alaska. Safari hii haikuwa sabuni sana, ilikuwa maji ya moto yaliyopigwa kwa nguvu juu ya mawe. Fukwe zikang'aa kwenye televisheni, lakini viumbe vilivyokuwa vimenusurika na mafuta vikafa kwa maji ya moto. Haraka ile ile, sura nyingine. Ila mwaka 1996 meli ya Sea Empress ilipomwaga karibu tani 72,000 mlangoni mwa Milford Haven, bandari ile ile Torrey Canyon iliyoikimbilia, mambo yalikuwa na nafuu. Dawa za wakati huo zilikuwa na sumu ndogo zaidi, na zilinyunyiziwa kwa ndege baharini, mafuta yakiwa bado mabichi, si juu ya miamba.

Na karibu na kwetu kuna Mauritius. Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe, Agosti ikaanza kuvuja, kama tani 1,000 za mafuta mazito. Wananchi hawakusubiri. Walishona vitambaa, wakajaza majani makavu ya miwa, wakavielea baharini kuzuia mafuta yasifike kwenye mikoko. Majani makavu! Kama Wafaransa wa mwaka 1967. Kisiwa kina miwa, wakatumia walichonacho.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu lako ni hili. Dawa ipo, na ina mahali pake, mbali na nchi kavu, kwenye maji ya kina, ikipimwa na wanaojua. Lakini ikija siku, Mungu apishe mbali, watu watakuwa na hasira, waandishi wa habari wamejaa, wakubwa wanataka ufukwe uonekane mweupe kabla ya ijumaa, na mtu atatokea na mapipa. Siku hiyo ndiyo ya kuuliza. Mnamwaga nini? Mnamwaga wapi? Kwenye matumbawe? Kwenye mikoko, mahali pa kuzalia kamba na samaki? Nani aliyepima? Mikoko hawaipigi hata maji ya moto, mizizi yake ikishachezewa basi. Mara nyingine kazi nzuri kuliko zote ni kuzuia mafuta yasiingie, kuchota kwa mkono yanayochoteka, na yanayobaki kuiachia bahari, ingawa macho hayafurahi.

Na maswali hayo yaulizwe sasa hivi, kabla meli hazijazoeleka. Wazee wa bandari ya samaki na BMU zenu waulize: vizuizi vya kuelea viko wapi, vingapi, na nani anajua kuvitandaza? Tanga ina matumbawe na mikoko, na hata yule silikanti, samaki wa kale, ana hifadhi yake hapo hapo. Wavuvi mnaijua mikondo ile kuliko mtaalamu yeyote atakayeletwa na ndege. Cornwall hakuna aliyewauliza wavuvi kwanza.

Yule mzee wangu hakuona kosa mwaka ule. Alikuwa na umri wa miaka 19, amepewa bomba, ameambiwa osha. Aliosha kwa moyo wote. Hilo ndilo linaloniuma ninapoandika haya: hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Haya, mvua imepungua na wali wangu umeanza kunukia. Nisalimieni wote, Bibi mkubwa mpeni pole ya magoti. Na wewe mdogo wangu, ukishasoma wasomee na pale kijiweni forodhani, halafu unipigie uniambie wavuvi wamesemaje. Salio safari hii nitaweka mimi.

Wasalaam.